Bado, Rudi Juani

Vijana mliobaki ghalani, siku ile mliponipa saa ya ukutani na shuka la kimasai mliniomba niwaandikie kurasa chache za jinsi ya kunusa kokoa. Nimeahirisha miezi saba. Kwanza nilisingizia macho, halafu kalamu, halafu mvua, na hapa Kyela mtu anayesingizia mvua haulizwi maswali. Ukweli ni kwamba kuna jambo moja nilikuwa naona haya kuliandika, na bila hilo mengine yote hayana chumvi. Basi kaeni. Vyeo sitavitaja kwa sababu nilikuwa na kimoja tu, na mshahara sina haja ya kuueleza kwa watu wanaoupokea.

Siku ya kwanza nilikwenda ghalani kubeba magunia. Nilikuwa na shingo nene na suruali moja nzuri, nikadhani hayo yanatosha. Mkaguzi wa wakati huo alikuwa Mzee Asajile, mtu mfupi, mkimya, aliyevaa koti hata siku ambazo joto la Kyela linataka kutupika. Akatupanga sisi wabebaji sita, akachota kokoa kwenye gunia moja, akatupitishia puani mmoja mmoja. "Inanuka nini?" Wenzangu wote walijibu kokoa, jibu ambalo lilikuwa sahihi na halikuwa na faida yoyote. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Dagaa, mzee." Watu wakacheka. Mzee Asajile hakucheka. Alimimina gunia zima kwenye turubai, akapekua, na katikati ya punje akaokota kidagaa kimoja kikavu, kimejikunja, kimetulia. Mwenye gunia alikuwa mtu wa Matema, ufukweni mwa ziwa; kokoa yake aliianika kwenye mkeka uleule wa dagaa. Mzee akanikabidhi kile kidagaa, akasema, "Wewe usibebe tena. Wewe ni pua." Jina likanishika hapohapo. Nilibatizwa Ambokile, lakini nina hakika hata mchungaji angelazimika kufungua daftari ili akumbuke.

Vifaa vyangu vilikuwa vitatu: kisu, kiganja na hiyo pua. Kisu ni cha kupasulia punje. Chota punje zako kutoka chini ya gunia, si juu, maana juu ndiko watu wanakoweka nguo za Jumapili. Pasua kwa urefu. Ukiona rangi ya udongo na mipasuko ndani, huyo alivundika kokoa yake siku zote zinazotakiwa, akafunika vizuri na majani ya mgomba, akageuza. Ukiona zambarau, huyo alikuwa na haraka. Kiganja ni cha kusikilizia. Ukifumbata kokoa iliyokauka inalia, mbichi inanyamaza. Siku hizi mna mashine ya kupima unyevu, nami sina ugomvi nayo, ila sijawahi kuona kiganja kinachoishiwa betri katikati ya msimu.

Pua ina masharti yake. Usile kitunguu kibichi asubuhi ya kazi. Usioge na sabuni ya kunukia. Mke wangu, Mama Lusajo, alinivumilia kwa hilo miaka yote ya ndoa, na siku niliyostaafu alinikabidhi kipande cha sabuni ya waridi kabla hajanikabidhi chai. Ukishanusa magunia kumi, toka nje unuse mkono wa shati lako mwenyewe mpaka pua isahau ilichokuwa inakifanya. Karani mmoja mpya aliwahi kunikuta nyuma ya ghala nimezamisha uso kwapani, macho nimefumba. Akarudi ofisini kwa mwendo wa haraka kuwaambia kwamba mzee amepatwa na jambo.

Lakini kifaa cha nne, ambacho hakikuwa kwenye orodha ya stoo, nilikipata kwa Mzee Asajile. Fikirieni mkulima ameamka alfajiri, amesukuma gunia kwenye baiskeli kutoka Talatala, amefika, watu wamejaa, na wewe unataka kumwambia mbele ya shemeji zake kwamba kokoa yake ni mbichi. Mzee Asajile hakumwambia mkulima kitu. Aliinama, akaliambia gunia. "Gunia, bado. Rudi juani." Mkulima alilitazama gunia lake kwa huruma, akalipakia tena, akaondoka nalo bila kuaibika, kana kwamba kosa lilikuwa la gunia na yeye ni mzazi tu. Nilipomuuliza mzee kwa nini anaongea na magunia, alisema, "Gunia halina wakwe. Hata ukiliaibisha, linakwenda nyumbani linalala." Nikacheka, nikaiga, na kwa miaka yote iliyofuata sikumwambia mkulima hata mmoja neno baya usoni. Likumbukeni hilo, maana nitawaonyesha mahali nilipolisahau.

Kesi ngumu zilikuwepo. Mzee mmoja wa kanisa aliniletea gunia linalochuruzika maji, akasema, "Mvua imenikuta njiani, ndugu yangu." Nikamtazama. Shati kavu, kofia kavu, baiskeli ina vumbi. Nikaliambia gunia, "Gunia, pole. Umenyeshewa peke yako." Hakuniongelesha mpaka Krismasi.

Kesi iliyonishinda kwa muda mrefu ni ya bibi mmoja wa Talatala, ambaye kila msimu kokoa yake ilikuwa zambarau tupu. Nilimweleza kwamba anaitoa kabla ya siku zake. Akaniambia, "Taata, baba yangu, hata mimi shule nilitolewa siku ya tatu. Mbona nimekuwa mtu?" Nikageukia gunia: "Gunia, hukuvundikwa wewe." Naye akageukia gunia: "Gunia, mwambie huyo kijana kwamba nimembeba mgongoni akiwa hana hata jino." Wenzangu walilala chini kwa kicheko. Mwishowe nilipanda baiskeli nikaenda kwake kuona. Sanduku lake la kuvundikia lilikuwa zuri, majani mazuri, siku alizihesabu vizuri kabisa. Ila juu ya majani alikuwa amelala kuku. Kuku yule aligundua kwamba kokoa inayovundikwa ina joto, akaamua kutagia pale, na bibi kila asubuhi alikuwa anafunua kutafuta mayai, joto lote linatoka. Tulimhamisha kuku. Msimu uliofuata kokoa ikawa rangi ya udongo, na bibi akaniletea kuku yuleyule, amefungwa miguu, kama mshtakiwa. "Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa, "huyu ndiye aliyetugombanisha." Tangu siku ile, punje ikiwa mbaya, kabla sijamlaumu mkulima nilikuwa namtafuta kuku.

Basi nikastaafu, nikarudi nyumbani kukaa kutwa. Hapo sasa ndipo penye habari yenyewe, kwa hiyo anayetaka kunusa tu anaweza kuishia hapa.

Nyumbani tupo watano. Mimi, Mama Lusajo, mwanetu Lusajo anayeendesha lori la mchele kwenda Mbeya, mke wake Tumpe, na binti yao Atupele mwenye miaka minne. Kwa wale mliotoka mikoa mingine, niwaeleze: kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto humwogopa mkwe wake wa kiume. Si woga wa mamba, ni heshima. Hamtazami usoni, hampi mkono, hasemi naye, wakikutana njiani anapinda. Jina la mkwe halitamki, wala neno linalofanana na jina hilo. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Tumpe alilelewa na bibi yake, na bibi yule hakulegeza hata kamba ya mbuzi.

Nilipokuwa kazini mambo yalikwenda vizuri. Nilitoka asubuhi, nilirudi jioni, na uwanja ulikuwa wake mchana kutwa. Sasa nimekaa na kigoda changu katikati ya uwanja kuanzia chai mpaka giza, na Tumpe akitaka kwenda bombani inabidi azunguke nyuma ya nyumba, apite kwenye migomba, atokee upande wa choo. Alitengeneza njia mpya. Kufikia Pasaka njia ile ilikuwa imenyooka kuliko barabara ya kata.

Tatizo la pili lilikuwa jina. Kijiji kizima kinaniita Mzee Pua, kwa hiyo Tumpe hawezi kusema pua. Mtasema si angetumia Kinyakyusa? Alishamuuliza mama mkwe wake, naye akamjibu kwamba kubadili lugha si kubadili mkwe. Basi yeye pua anaiita "cha kupumulia". Mwaka juzi Atupele alipata mafua, Tumpe akampeleka zahanati, akamwambia nesi, mgeni kutoka Dodoma, "Mtoto cha kupumulia kimeziba." Nesi wa watu akashtuka, akamvua mtoto nguo, akampima kifua mbele na nyuma, akamhesabia pumzi, akaita na mwenzake. Walitumia nusu saa kutafuta ugonjwa kwenye mapafu ya mtoto ambaye kamasi zilikuwa zinafika kidevuni.

Haya yote tungeyazoea. Kosa langu lilikuwa jingine. Mkaguzi hastaafu siku anapopewa saa ya ukutani. Nimekaa kwenye kigoda, jiko lipo hatua kumi, upepo wa ziwa unaleta harufu, mimi nifanye nini? Nikaanza kukagua. Kwa kuwa siwezi kusema na Tumpe, nilimtuma Atupele.

"Mwambie mama wali unashika chini."

Mtoto anakimbia, anarudi. "Mama anasema ndaga."

Kesho yake: "Mwambie mama huyu samaki wa mbasa alipaswa kuliwa jana."

"Mama anasema ndaga."

Kesho kutwa yake: "Mwambie mama maharage ya kwenye mbalaga ya ndizi yananuka moshi."

Atupele alichelewa kidogo kurudi. "Mama hajasema kitu, babu. Amepiga sufuria."

Mama Lusajo alinionya. "Baba Lusajo, ghala umeliacha kule. Hili ni jiko." Nikamwambia kwamba mimi nasaidia. Akaenda kulisha kuku.

Sehemu tamu ya kustaafu ilikuwa Atupele. Asubuhi tulikaa wawili kwenye kichanja cha kuanikia, tukigeuza kokoa yangu mwenyewe, ya shamba langu dogo. Nilimfundisha kufumbata na kusikiliza. Nilimfundisha kunusa. "Isogeze punje karibu na pua," nilimwambia, "karibu zaidi, mpaka ikuambie." Alikuwa ananusa kila kitu na kutoa hukumu. Mbwa, bado. Kiatu cha baba yake, bado sana. Mchungaji alipokuja kututembelea alimnusa mkono, akamwambia, "Rudi juani." Sijawahi kuwa na mwanafunzi mwenye kipaji kama yule, na ninyi msikasirike.

Kisha siku moja Lusajo alirudi na lori, akaja kukaa karibu na kigoda changu. Akazungumza habari za mvua. Akazungumza habari za matairi. Mtoto wako akizungumza habari za matairi ujue kuna jambo. Hatimaye akasema, "Baba, tumefikiri mimi na mwenzangu. Tuhamie Mbeya. Nikirudi safari ijayo ya mchele, nitawachukua. Kule kuna shule nzuri ya Atupele."

"Shule," nikasema.

"Ndiyo, baba. Shule."

Tulitazamana, na wote wawili tulijua kwamba mtoto wa miaka minne hahamishwi mpaka Mbeya kwa ajili ya kuhesabu vijiti. Mimi nilidhani ni ile njia ya migomba imemchosha Tumpe, mila imekuwa nzito, na hilo sina uwezo nalo. Nilikwenda kwenye kichanja, nikageuza kokoa ambayo haikuhitaji kugeuzwa, na nikalia. Naandika hivyohivyo. Nilikuwa na siku kumi za kukaa na mjukuu wangu, na kila nilipomwona anakuja na kikapu chake kidogo, nilizihesabu upya.

Siku ya saba Mama Lusajo alikwenda msibani Matema. Lusajo alikuwa njiani. Nyumbani tulibaki mimi, Tumpe na mtoto, yaani kwa hesabu ya mila, mtu mmoja kila upande na balozi mmoja katikati. Nilikuwa nyuma ya nyumba naweka majani kwenye sanduku. Atupele alikuwa mbele na mama yake. Ghafla nikamsikia Tumpe anapiga kelele:

"Jamani! Jamani nisaidieni! Punje imeingia kwenye... imeingia kwenye..." Akatafuta neno. "Imeingia kwenye babu yake!"

Ng'ambo ya barabara anaishi Mama Ipyana, mama mwenye moyo mwema na masikio ya haraka. Akajibu kwa sauti, "Imeingia kwa babu yake? Mzee amepaliwa?"

"Siyo mzee! Cha kupumulia!"

"Hapumui?"

"Imeziba! Imeziba kabisa!"

Hapo Mama Ipyana aliona ameelewa. Akaweka mikono kichwani, akaanza mayowe ya msiba, yale yenyewe, ya kuita ukoo. "Mayooo! Mzee Pua katuacha! Asubuhi nimemwona anakula muhogo!" Nami nimesimama nyuma ya nyumba, jani la mgomba mkononi, nasikiliza nikililiwa. Nikiri kwamba kwa nukta moja hivi nilitaka nisikie ataniongezea sifa gani. Lakini aliishia kwenye muhogo.

Nilijua Tumpe analia kwa jambo la kweli, ila nilikuwa sijui ni lipi, na mguu wangu ulikataa kwenda, maana kwa miaka sita sijawahi kumtokea mkwe wangu mbele. Sikupata nafasi ya kuamua. Tumpe alitokea konani mwa nyumba, mtoto mikononi, hana kitenge kichwani, akasimama hatua moja mbele yangu. Akanitazama usoni. Na akasema, kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia:

"Pua!"

Mimi, kwa mazoea ya miaka yote ghalani, nikaitika. "Naam."

"Siyo wewe, baba! Pua! Pua ya mtoto! Ameingiza kokoa puani!"

Nikamchukua Atupele. Upande wa kushoto ulikuwa umevimba, na ndani kabisa niliiona punje. Alikuwa analia kwa hofu, anavuta hewa, na kila akivuta inazidi kupanda. "Nilikuwa naisogeza, babu," akasema. "Karibu zaidi. Haikuniambia kitu." Maneno yale yalikuwa yangu.

Tumpe alitaka kuichokonoa kwa kidole. Nikamwambia, "Usichokonoe, mama, utaisukuma. Mfute machozi, mwambie avute hewa kwa mdomo." Akafanya. Nikaziba tundu la kulia kwa kidole changu, nikamwambia Atupele, "Sasa penga, mjukuu wangu. Penga kwa nguvu, kama unapuliza moto wa mama." Mara ya kwanza zikaja kamasi. Mara ya pili zikaja nyingi zaidi. Mara ya tatu punje ikafyatuka, ikanipiga kwenye paji la uso, ikaanguka kwenye majani.

Tukakaa chini wote watatu. Mama Ipyana aliingia uwanjani akikimbia, kanga kiunoni, akanikuta nimekaa mzima nimepakwa kamasi. Alinitazama kwa uso wa mtu aliyepotezewa muda. "Basi nitawaambia wale waliokwisha kuanza kuja," akasema, akaondoka.

Na mimi, mkaguzi mjinga, nikafanya nilichozoea. Niliokota ile punje, nikaifuta kwenye suruali, nikatoa kisu mfukoni, nikaipasua.

Zambarau.

Ilikuwa kokoa yangu. Niliitoa sandukuni mwenyewe wiki iliyopita baada ya kuinusa, nikasema imeiva, na Mama Lusajo aliponiuliza kama siku zimetimia nilimwambia pua haihitaji kalenda. Nyani haoni kundule. Nikapasua nyingine kutoka kwenye kichanja, zambarau. Nyingine, zambarau. Tumpe alikuwa ananitazama. Halafu akaanza kucheka, polepole kwanza, kisha kwa kujishika mbavu, na Atupele akacheka kwa sababu mama yake anacheka. Miaka sita tumekaa uwanja mmoja, nami sikujua mkwe wangu anacheka namna ile.

Alipomaliza akajifuta macho. Kisha akasema, "Baba, kwa kuwa nimeshakosa, acha nikose mara moja yote."

"Sema, mama."

"Njia ya migomba haijanichosha. Bibi yangu alizunguka migomba maisha yake yote. Kilichonichosha ni harufu. Kila siku chungu changu kina kasoro. Nikipika naogopa, nisipopika naogopa. Na siku ile uliyosema maharage yananuka moshi..." Akatazama chini. "Siku ile nilikuwa sijawasha moto, baba. Maharage yalikuwa bado yako kwenye ungo, nayachambua."

Nilinusa hewa. Mbele yangu kulikuwa na sanduku la kokoa, hatua mbili, na kokoa ikivundikwa inanuka mpaka barabarani. Nilipata kitu kwa mbali, kidogo tu, chenye uchachu. Pua yangu ilikuwa imestaafu kabla yangu, ikaniacha nashikilia jina. Hili ndilo jambo nililoona haya kuwaandikia. Magunia niliyoyapitisha msimu wa mwisho, kama bado yapo, tafadhali yapasueni tena. Yale mapungufu ya kokoa ya msimu ule mliyoisingizia mvua huenda hayakuwa ya mvua.

Nikamsimulia Tumpe habari za Mzee Asajile, jinsi alivyoongea na magunia ili asimwaibishe mtu. Nikamwambia, "Wakulima wote wa Kyela niliwatunza aibu zao. Wewe mtoto wangu sikukutunza. Nisamehe." Alimchukua Atupele, akamfuta kamasi kwa kitenge cha kiunoni, na alipoondoka alipita mbele ya nyumba, si kwenye migomba.

Mama Lusajo aliporudi kutoka Matema na kusikia kwamba tumetazamana, tumeongea, na jina limetamkwa, tena kwa kelele, alikaa chini kwanza. Wazee wakaitwa. Walikuja wanne, wakala kuku wawili, wakasikiliza kesi yote kwa makini, hasa sehemu ya Mama Ipyana ambayo waliomba irudiwe. Mwishowe wakasema kwamba mtoto alikuwa hatarini, kwa hiyo hakuna aliyekosa, na kwamba kuanzia leo Tumpe aseme nami kama binti na baba yake. Lusajo alirudi na lori tayari kupakia vyombo. Tumpe akamwambia apakie mchele tu.

Sasa mnajua yote. Kokoa yangu anainusa Atupele, kwa mbali, mikono nyuma, amri ya mama yake. Mimi napasua, maana kisu hakijazeeka. Jikoni nimejifunza kunyamaza, ingawa si kikamilifu. Juzi mbalaga ilikuwa motoni, nami miguu ikanipeleka yenyewe mpaka mlangoni na kigoda changu mkononi. Nikakiweka kizingitini, nikakaa. Nikanyoosha shingo. Nikafungua mdomo.

Tumpe hakunitazama. Si kwa woga wa zamani, alikuwa anakoroga. Aliinama kidogo upande wangu, akakiangalia kigoda, na kwa sauti ya upole kabisa akakiambia:

"Kigoda, bado. Rudi juani."

Nikakionea huruma. Nikakibeba, nikakipeleka juani, nikakaa nacho.